Picha za Kitabibu katika Utambuzi wa Uvimbe wa Tezi za Mate: Kile Zinachoonesha na Kile Zisichoweza Kuthibitisha

Ikisiri

Makala haya yanaeleza matumizi ya ultrasaundi, CT na MRI katika utambuzi wa uvimbe wa tezi za mate, hususan tezi ya parotidi iliyo mbele ya sikio. Hoja yake ni kwamba picha hujibu vizuri zaidi swali la mahali uvimbe ulipo na umbali uliofika kuliko swali la aina ya uvimbe huo. Kosa lenye madhara makubwa kwa mgonjwa hutokea pale jibu la swali la kwanza linapochukuliwa kuwa jibu la swali la pili.

Utangulizi

Uvimbe unaojitokeza mbele ya sikio au chini ya taya huwa umekwisha kupewa majina kadhaa kabla haujafika kwa mtaalamu. Kwa mtoto huitwa matubwitubwi. Kwa mtu mzima hudhaniwa kuwa ni mtoki uliotokana na jino bovu, na dawa za kuua bakteria hutolewa mara moja, mbili, hata tatu. Kwa kuwa uvimbe wenyewe mara nyingi hauumi na hukua polepole, mgonjwa anaweza kuishi nao kwa miaka bila kuona haja ya kurudi hospitalini. Dalili ambazo zingemshtua daktari, yaani maumivu ya kudumu, kulegea kwa upande mmoja wa uso au ngozi kushikamana na uvimbe, kwa kawaida huja wakati ugonjwa umekwisha kuvuka mipaka ya tezi.

Binadamu ana jozi tatu za tezi kubwa za mate: parotidi mbele na chini ya sikio, tezi ya chini ya taya, na tezi ya chini ya ulimi. Zaidi ya hizo, kuna tezi ndogo kati ya 600 na 1,000 zilizotawanyika katika kaakaa, midomo, mashavu, ulimi na koo. Takriban asilimia 80 ya uvimbe wote wa tezi za mate hutokea katika parotidi, na takriban asilimia 80 ya uvimbe wa parotidi si saratani. Kadiri tezi inavyokuwa ndogo, uwiano huo hugeuka. Katika tezi ya chini ya taya uvimbe unaokaribia nusu huwa ni saratani, na katika tezi ya chini ya ulimi saratani ndiyo iliyo ya kawaida. Kwa hiyo, hata kabla ya picha yoyote kupigwa, mahali pa uvimbe pamekwisha kumpa daktari fununu nzito. Ni jambo la kushangaza kwamba fomu nyingi za kuomba kipimo huandikwa “uvimbe shingoni” tu, kana kwamba fununu hiyo haina thamani.

Shirika la Afya Duniani linaorodhesha aina zaidi ya 30 za uvimbe wa tezi za mate. Kwa mtu anayesoma picha, nne kati ya hizo ndizo zinazojitokeza mara nyingi. Upande usio wa saratani kuna adenoma pleomofi, ambayo ndiyo ya kawaida kuliko zote, na uvimbe wa Warthin, ambao huhusishwa sana na uvutaji wa sigara. Upande wa saratani kuna saratani ya mukoepidemoidi na saratani ya adenoidi sistiki.

Kwa nini aina ya uvimbe ijulikane kabla ya kisu

Katika sehemu nyingine za mwili mpasuaji anaweza kukata kipande cha uvimbe, akakipeleka maabara, kisha akasubiri jibu. Katika parotidi njia hiyo ni ya hatari. Neva ya uso hupita ndani ya tezi yenyewe na kugawanyika humo katika matawi matano yanayokwenda kwenye paji la uso, jicho, shavu, taya na shingo. Tawi moja likikatwa, jicho halifumbi na huanza kukauka. Tawi jingine likikatwa, maji humwagika pembeni mwa mdomo mgonjwa anapokunywa.

Sababu ya pili imo katika tabia ya adenoma pleomofi. Ganda lake ni jembamba, mahali pengine halipo kabisa, na vichipukizi vidogo vya uvimbe hupenya nje yake. Ganda hilo likipasuliwa, chembe humwagika na kuota upya katika kovu kama vinundu vingi vidogo, wakati mwingine baada ya miaka 10 au 20. Zamani wapasuaji walizoea kuupasua uvimbe na kuukamua nje ya ganda lake, na uvimbe ulirudi kwa wagonjwa kati ya asilimia 20 na 45. Baada ya upasuaji wa kuondoa uvimbe pamoja na sehemu ya tezi inayouzunguka kuanza kutumika, kiwango hicho kilishuka chini ya asilimia 5. Upasuaji wa pili, unaofanywa katika kovu lenye vinundu vilivyozingira neva, ni mgumu kuliko wa kwanza na matokeo yake kwa uso wa mgonjwa ni mabaya zaidi.

Kuuacha uvimbe nako kuna gharama. Uwezekano wa adenoma pleomofi kugeuka saratani unakadiriwa kuwa asilimia 1.5 hivi katika miaka mitano ya kwanza, na hukaribia asilimia 10 kwa uvimbe uliokaa zaidi ya miaka 15. Kwa mgonjwa wa Afrika Mashariki aliyeishi na uvimbe wake tangu ujana, takwimu hizo mbili si za kinadharia. Anayefika na uvimbe wa miaka mingi ambao umeanza kukua ghafla anapaswa kuhesabiwa kuwa na saratani hadi ithibitike vinginevyo, hata kama picha yake inaonekana tulivu.

Ultrasaundi: mlango wa kwanza

Ultrasaundi ndiyo kipimo kinachofaa kuanza nacho. Haitumii mionzi, gharama yake ni ndogo, na mara nyingi ndiyo pekee ambayo mgonjwa wa wilayani anaweza kuifikia bila kusafiri hadi jiji kubwa. Parotidi na tezi ya chini ya taya ziko karibu na ngozi, hivyo kifaa chenye masafa ya juu, kati ya megahezi 7.5 na 15, huzionesha kwa undani. Nyama ya tezi yenye afya huonekana nyeupe kiasi na yenye usawa. Adenoma pleomofi huonekana kama kinundu cheusi zaidi, chenye mipaka iliyo wazi na kingo za mawimbi, na nyuma yake sauti hupita kwa urahisi kiasi cha kuacha eneo linalong'aa. Uvimbe wa Warthin kwa kawaida huwa na umbo la yai, hukaa sehemu ya chini ya parotidi, na ndani yake huwa na vijishimo vya majimaji.

Swali la kwanza ambalo ultrasaundi hulimaliza haraka ni kama uvimbe umo ndani ya tezi au nje yake. Jibu hilo pekee huwaondolea wagonjwa wengi safari isiyo ya lazima. Hata hivyo, kuwa ndani ya parotidi hakumaanishi kuwa uvimbe umeanzia katika nyama ya tezi. Parotidi ina tezi za limfu ndani yake, jambo ambalo tezi nyingine za mate hazina, na tezi hizo za limfu huugua magonjwa yao. Kifua kikuu kinaweza kuingia humo na kuiga uvimbe kwa kila namna. Limfoma nayo huweza kuanzia humo. Saratani ya ngozi ya kichwa na uso huteremka humo pia, na kwa sababu hiyo mtu mwenye ualbino anayefika na uvimbe wa parotidi anahitaji kukaguliwa ngozi ya kichwa, masikio na uso, pamoja na makovu ya vidonda vilivyokwisha kukatwa, kabla uvimbe huo haujaitwa uvimbe wa tezi ya mate.

Mfano mwingine ambao ultrasaundi huamua karibu peke yake ni vifuko vya majimaji vinavyotokea katika parotidi za watu wanaoishi na VVU. Vifuko hivyo huwa vingi, hutokea pande zote mbili, na huambatana na kuvimba kwa tezi za limfu za shingo na nyama za nyuma ya pua. Si saratani. Kwa wagonjwa wengi hupungua kwa dawa za kufubaza virusi. Mtaalamu anayeviona katika picha na kuandika tu “uvimbe wa parotidi, upasuaji unashauriwa” humweka mgonjwa katika hatari ya kupoteza neva kwa ugonjwa usiohitaji kisu. Anayeandika kwamba vifuko ni vingi na viko pande mbili, na kushauri kipimo cha VVU kwa asiyejua hali yake, amefanya kazi kubwa kwa kifaa kidogo.

Mipaka ya ultrasaundi ni miwili na ni ya aina tofauti. Wa kwanza ni wa kifizikia. Mawimbi ya sauti hayapenyi mfupa, kwa hiyo sehemu ya parotidi iliyojificha nyuma ya taya haionekani. Neva ya uso yenyewe pia kwa kawaida haionekani, na mtaalamu hulazimika kutumia mshipa wa damu unaopita nyuma ya taya kama alama ya kukisia ilipo. Mpaka wa pili ni wa kibayolojia, na ndio unaodanganya zaidi. Saratani ya mukoepidemoidi ya daraja la chini, ikiwa bado ndogo, inaweza kuwa ya mviringo, yenye mipaka safi, isiyotofautishwa kwa jicho na adenoma. Mipaka iliyovurugika ni dalili nzuri ya saratani inapokuwapo. Isipokuwapo, haithibitishi chochote.

Sindano na picha

Kwa sababu hiyo ultrasaundi haipaswi kutenganishwa na sindano nyembamba ya kuvuta chembe. Sindano ikiongozwa na picha hufika kwenye sehemu ngumu ya uvimbe badala ya kunyonya majimaji matupu ya kifuko, na hukwepa mishipa mikubwa ya damu. Tangu mwaka 2018 wataalamu wa sitolojia wana mfumo wa pamoja wa kuripoti chembe za tezi za mate, uitwao Mfumo wa Milan, ambao hupanga majibu katika madaraja kuanzia sampuli isiyotosha hadi saratani dhahiri. Manufaa yake makubwa ni kwamba unampa daktari namna ya kuandika “hakuna uhakika” bila kulazimika kuegemea upande wowote.

Sampuli isiyo na chembe za saratani na picha yenye mipaka safi ni ushahidi unaokubaliana. Sampuli isiyo na chembe za saratani na picha yenye mipaka iliyovurugika ni ushahidi unaopingana, na hapo sindano irudiwe au ichukuliwe biopsi kwa sindano nene zaidi. Kuchagua jibu linalofurahisha kati ya hayo mawili si utambuzi.

CT, kwa ufupi

CT hupatikana katika hospitali nyingi zaidi kuliko MRI, humaliza kazi kwa haraka, na huonesha mfupa vizuri kuliko kipimo kingine chochote. Inafaa pale panapohofiwa kwamba taya au kitako cha fuvu kimeliwa, na pale uvimbe unapouma wakati wa kula, kwani dalili hiyo huelekeza kwenye jiwe la mfereji wa mate kuliko uvimbe. Mawe mengi ya namna hiyo hutokea katika tezi ya chini ya taya. Udhaifu wake ni mionzi, michirizi inayotokana na meno yaliyozibwa kwa madini, na uwezo mdogo wa kutofautisha uvimbe na nyama laini inayouzunguka. Pale MRI isipopatikana, CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa bado ni bora kuliko kumpeleka mgonjwa kwenye kisu kwa kupapasa tu.

MRI na maswali yake

MRI hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio. Ubora wake katika parotidi unatokana na jambo la kawaida kabisa: tezi ya mtu mzima ina mafuta mengi. Katika picha za T1 mafuta hung'aa, na uvimbe huonekana kama doa jeusi juu ya kitambaa cheupe. Watu wanaojifunza kusoma MRI huvutiwa na picha za rangi na takwimu zinazokuja baadaye, ilhali T1 isiyo na dawa yoyote ndiyo inayoonesha mipaka kwa uaminifu zaidi.

Picha za T2 huongeza habari kuhusu maji yaliyomo ndani ya uvimbe. Adenoma pleomofi hung'aa sana, na mara nyingi huzungukwa na mstari mweusi wa ganda lake. Saratani za daraja la juu, zilizosongamana chembe, huelekea kuwa na mng'ao hafifu. Lakini tena saratani za daraja la chini zenye majimaji au ute hung'aa kama adenoma, na uvimbe wa Warthin usio wa saratani huweza kuwa na mng'ao hafifu.

Mbinu mbili zimeongezwa ili kupunguza utata huo. Ya kwanza hupima jinsi maji yanavyotembea ndani ya uvimbe. Katika adenoma pleomofi maji hutembea kwa uhuru, na katika uvimbe wa Warthin hutembea kwa shida, wakati mwingine kwa shida kuliko katika saratani. Ya pili hufuatilia jinsi dawa ya gadolinia inavyoingia na kutoka. Mwaka 2003 Yabuuchi na wenzake walipendekeza vigezo viwili, yaani muda wa kufikia kilele, wakiweka mpaka wa sekunde 120, na kiasi cha dawa kinachotoka baadaye, wakiweka mpaka wa asilimia 30. Adenoma pleomofi hupokea dawa polepole na kuendelea kuishikilia. Uvimbe wa Warthin huipokea haraka na kuiachia haraka. Saratani nyingi huipokea haraka na kuiachia kwa kusitasita. Zikitumiwa pamoja, mbinu hizi mbili husaidiana, kwa kuwa saratani na Warthin zinazofanana katika ya kwanza mara nyingi huachana katika ya pili. Pamoja na hayo, kila kundi lina wanaovuka mpaka, na hakuna kizingiti kinachotoa hukumu.

PET nayo hutatanisha hapa kuliko inavyosaidia. Uvimbe wa Warthin hufyonza sukari yenye mionzi na kuwaka kama saratani, huku saratani ya adenoidi sistiki ikiweza kubaki hafifu. Nafasi yake ni kutafuta ueneaji katika mgonjwa ambaye saratani yake imekwisha kuthibitishwa.

Pale MRI isipokuwa na mbadala ni katika maswali ya mahali. Uvimbe wa sehemu ya ndani ya parotidi hupenya katika upenyo mwembamba kati ya taya na mfupa ulio nyuma yake, kisha hutanuka upande wa koo, ukapata umbo la kengele ya kunyanyulia vyuma. Kwa nje hauonekani. Mgonjwa huja akilalamikia kitu kooni, na anayemchunguza huona ukuta wa koromeo umesukumwa ndani. Katika MRI mafuta yaliyo pembeni mwa koromeo huwa shahidi. Yakisukumwa kuelekea katikati huku uvimbe ukiwa umeungana na parotidi, asili yake ni parotidi. Ukibaki ukanda wa mafuta kati ya uvimbe na parotidi, uvimbe umeanzia katika tezi ndogo za hapo hapo. Tofauti hiyo huamua njia ya kupasua, na iwapo neva ya uso italazimika kutafutwa kwanza.

Swali la pili la mahali ni neva. Saratani ya adenoidi sistiki ina tabia ya kusafiri kando ya neva, mbali na uvimbe wenyewe. Kutoka parotidi hufuata neva ya uso hadi tundu lake chini ya fuvu. Inaweza pia kuhamia kwenye tawi la neva ya tano na kuingia ndani ya fuvu kupitia tundu lenye umbo la yai. Ishara zake ni ndogo: mafuta yaliyopaswa kuwa mlangoni mwa tundu yametoweka, neva imenenepa na kung'aa kwa gadolinia, au misuli ya kutafuna ya upande mmoja imesinyaa kwa kukosa neva yake. Ishara hizi hazionekani kwa anayetazama uvimbe peke yake. Mgonjwa mwenye ganzi shavuni au kidevuni anapaswa kupigwa picha hadi kitako cha fuvu, na daktari anayeomba kipimo asipoitaja ganzi hiyo, huenda eneo lenye jibu lisiwemo katika picha kabisa.

Ripoti

Ripoti inayomfaa mpasuaji hutaja tezi, ukubwa kwa sentimita, uhusiano wa uvimbe na mshipa wa nyuma ya taya, na hali ya tezi za limfu za shingo. Ukubwa una maana maalumu, kwa kuwa saratani ya hadi sentimita 2 iliyobaki ndani ya tezi huwekwa daraja la T1, kati ya 2 na 4 huwa T2, na ikizidi 4 au kuvuka nyama ya tezi huwa T3. Kuingia katika ngozi, taya, mfereji wa sikio au neva ya uso huipandisha hadi T4a. Kufika kitako cha fuvu au kuzingira ateri kuu ya shingo huifanya T4b. Kuhusu aina ya uvimbe, ripoti iandike linaloelekea kuwa kweli na kiwango cha uhakika wake. Sentensi kama “sura inalingana na adenoma pleomofi, lakini saratani ya daraja la chini haiwezi kuondolewa bila sindano” inaweza kuonekana ya woga kwa msomaji mwenye haraka. Ndiyo sentensi sahihi.

Baada ya upasuaji picha huanza kazi nyingine. Kovu, nyama iliyohamishwa na mabaki ya tezi hubadilisha ramani yote, kwa hiyo picha ya msingi huhitajika mara vidonda vikishapona, ili ya baadaye ilinganishwe nayo. Adenoma iliyorudi huonekana katika T2 kama punje nyeupe zilizosambaa ndani ya kovu, nyingine zikiwa za milimita chache. Saratani ya adenoidi sistiki huweza kujitokeza mapafuni zaidi ya miaka 10 baada ya uso kupona, na kwa hiyo kifua hujumuishwa katika ufuatiliaji. Pale hospitali isipokuwa na hifadhi ya kidijitali, filamu za mgonjwa huwa nyumbani kwake ndani ya bahasha, na ulinganisho wa miaka 10 hutegemea kama aliambiwa, siku ya kuruhusiwa, kwamba bahasha hiyo asiitupe.